Baba, Nilijua

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Shikamoo Baba. Namwomba Mungu barua hii ikukute ukiwa na afya, goti la kushoto likiwa limetulia, na baridi ya huko Lukozi isiwe imekubana kifua kama mwaka jana. Ndugu yangu Shafii aliniambia mvua zilikatika mapema na karoti za shamba la juu hazikunenepa. Kabeji je? Na yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Mimi huku Uingereza ni mzima. Nakula, nalala, kazi inaendelea.

Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi wakati juzi tu tumezungumza kwenye simu. Aliyekuletea ni Mama Neema, mwenzangu wa hapa kazini, kwao Korogwe, amekuja likizo. Nilimwomba apande mwenyewe mpaka Lukozi akukabidhi mkononi, naye akaniahidi. Mpeni chai, na kama peasi bado zipo asiondoke mikono mitupu. Simu nimeikwepa kwa makusudi. Ukipokea simu yangu unaweka sauti kubwa uwanja mzima usikie, halafu unampa shangazi, shangazi anampa jirani, na mimi lililonifanya nipige linabaki kooni. Tena kwenye simu mimi ni mwoga. Nimeshaanza mara tatu kukuambia haya, na mara zote tatu nikaishia kuuliza habari za viazi.

Kwa hiyo vaa miwani yako Baba, kaa, uisome peke yako kwanza. Ukimaliza ndipo uamue nani mwingine aisome.

Naanzia kazini, kwa sababu ndiko lilikotokea jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua nilivyokueleza kwamba hapa ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Uuguzi wangu wa nyumbani hawajautambua bado, kwa hiyo ninaogesha, ninavalisha, ninalisha. Kulikuwa na bibi mmoja jina lake Edith, miaka tisini na mmoja, mwembamba kama kijiti, aliyefanya kazi posta ujana wake wote. Jina langu lilimshinda, akawa ananiita Rema. Nilipomweleza kwamba kwetu ni Afrika lakini asubuhi za Julai tunavaa makoti na ukungu unaingia mpaka jikoni, alikataa katakata. Alisema ninamtania kwa sababu ni mzee. Ikabidi nimwonyeshe picha yako na Mama mmesimama mlangoni mmejifunga mablanketi. Akamwangalia Mama muda mrefu, akasema, "Huyu anaonekana anajua kununa." Nilicheka, Baba. Tangu siku hiyo nilimpenda.

Siku moja, saa kumi alasiri, nilimkalisha kwenye kiti chake na kumletea chai. Kila mzee hapa ana kengele ndogo ya kubonyeza akitaka msaada, inatakiwa ikae mapajani mwake muda wote. Niliihamisha nikaiweka juu ya kabati ili nipate nafasi ya sinia, halafu mzee wa chumba cha jirani akaniita, nikatoka. Nikasahau. Edith alitaka kwenda chooni. Akapapasa, kengele haipo. Akaita kwa sauti yake ile ndogo, na televisheni ya ukumbini ilikuwa inapiga kelele. Akainuka mwenyewe.

Nilipoingia nilimkuta sakafuni, mguu umegeuka upande. Hakuwa analia. Alisema tu, "Rema, nimefanya upuuzi." Nikapiga magoti, nikamshika kichwa, nikaita wenzangu. Na katika ule muda kabla hawajafika, macho yangu yalikwenda kwenye kabati. Kengele ilikuwa pale. Hakuna aliyeniona nikiiweka. Baba, niliinuka nikaichukua. Nilikuwa nayo mkononi. Ilitosha kuidondosha tu pale kwenye zulia karibu naye, na kila mtu angesema bibi aliiangusha mwenyewe. Sijui nilisimama muda gani. Nikairudisha pale pale kabatini, na Marisel, mwenzangu Mfilipino, alipoingia nikamwambia, "Kengele iko kule. Mimi ndiye niliyeiweka."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walimpeleka, wakamrudisha kitandani kwetu, madaktari wakisema kwa umri wake kumpasua ni kumuua.

Msimamizi wetu ni mama mtu mzima anaitwa Ruth, mkali lakini hana majungu. Aliniita ofisini siku ile ile. Nilidhani ananifukuza. Akasema, "Mtoto wa Edith anakuja kesho asubuhi. Utakaa na mimi, na utamweleza wewe mwenyewe. Tuna wajibu wa candour."

Sikulijua neno hilo. Nilijua kuna candy, ile peremende, nikawaza labda tunampa mgeni peremende kumpoza. Nisamehe Baba, hata katika shida akili hucheza. Nikamuuliza Ruth maana yake. Kule shuleni Lushoto tulifundishwa honest, tukaandika daftarini "mwaminifu, mkweli", basi. Nikamwambia, "Mimi ni honest, sijadanganya." Ruth akavua miwani.

"Honest ni yule anayeulizwa akajibu kweli," akasema. "Mtu anaweza kuwa honest maisha yake yote kwa kunyamaza tu. Candid, mwenye hiyo candour, ni yule anayekuja kusema kabla hajaulizwa, jambo lote, hata lile linalomchoma yeye. Huyo mtoto wake hajui kwamba kuna kengele. Hawezi kukuuliza habari za kitu asichokijua."

Maneno hayo yaliniingia, lakini sikuelewa bado kwa nini yameingia mpaka ndani namna ile. Nilidhani ni ya Edith peke yake.

Kesho yake mtoto alikuja. Anaitwa Peter, naye ni mzee tayari, alikuwa dereva wa lori, mikono mikubwa kama ya baba mdogo. Tulikaa watatu. Nikamweleza yote, sinia, kabati, kengele, jirani aliyeniita. Sikusema "kwa bahati mbaya". Ruth alinikataza hilo neno, alisema linaomba msamaha kabla mwenzako hajamaliza kuumia.

Peter akaniuliza, "Kwa hiyo mama yangu aliita, na hakuna aliyemsikia?"

"Ndiyo," nikasema. "Aliita."

Akainuka, akatoka nje. Tukamwona dirishani amesimama karibu na gari lake ameligeuzia jengo mgongo. Mvua ilikuwa inanyesha na hakujifunika. Aliporudi alikaa, akamgeukia Ruth. "Na sasa? Niambie wazi, kama alivyoniambia huyu."

Ruth akamwambia kwamba kwa mtu wa umri ule, na nyonga ile, wengi hawafiki mbali. Inaweza kuwa wiki chache. Kama kuna jambo anataka kumwambia mama yake, asilicheleweshe. Peter akaitikia kwa kichwa. Akatuangalia sote wawili, uso wake hauna hata chembe ya tabasamu, akasema, "Asanteni kwa kuwa candid."

Nilipewa barua ya onyo, nikarudishwa mafunzoni. Sikulalamika.

Nilianza kulitafuta lile neno kila mahali. Kamusi inasema asili yake ni Kilatini na maana yake ya kwanza ni weupe, weupe wa kung'aa. Nilipoona hivyo niliifunga kamusi. Weupe wa mwisho niliouona wa nyumbani ulikuwa sanda ya Mama, kwenye simu ya video aliyonipigia Shafii. Kiswahili nacho nimehangaika nacho. Mkweli halitoshi, kwa sababu ya yale aliyosema Ruth. Muwazi linakaribia. Kuna kusema kinagaubaga, lakini hilo linahusu maneno, halimhusu mtu. Mama alikuwa akituambia, "Nyoosha maneno," tukijikunja na visingizio. Labda hilo ndilo. Kwa Kishambaa sijui kama tuna neno moja, wewe utaniambia.

Na kama maneno yote, hili nalo watu hulitumia vibaya. Kuna dada mmoja hapa, kila akitaka kumuumiza mtu huanza kwa kusema eti anataka kuwa candid, halafu anakuchana. Mimi alinichana mbele ya wageni juu ya Kiingereza changu. Ruth alinikuta stoo nafuta macho, akaniambia, "Yule ana mdomo tu. Kipimo chake ni rahisi. Tazama ni nani anayelipia ukweli uliosemwa. Kama ni msikilizaji peke yake, jina lake ni ukatili."

Edith aliishi wiki tatu. Na katika hizo wiki tatu Peter alikuja kila siku. Zamani alikuwa anakuja Jumapili, anakaa saa moja hivi, anaangalia saa, anaondoka. Sasa alikuja asubuhi na kukaa. Alimkata mama yake kucha. Walizozana juu ya paka aliyekufa miaka mingi iliyopita, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Siku moja niliingia kubadilisha shuka nikakuta wote wawili wanalia, nikarudi nyuma nikafunga mlango taratibu. Siku nyingine walikuwa wanacheka mpaka Edith meno ya bandia yakamtoka. Alikufa asubuhi Peter akiwa amemshika mguu, kwa sababu mikono ilikuwa inamuuma.

Mazishini Peter alinifuata. Alinipa picha iliyopigwa na binti yake, wakati ule wa meno kutoka. Edith amefungua mdomo wote, hana jino hata moja, na Peter amefumba macho kwa kicheko. Nyuma ya picha wameandika neno lile lile, candid. Nilishangaa, nikamuuliza Marisel. Akasema hivyo ndivyo wanavyoiita picha ya mtu ambaye hakujua anapigwa, hajajipanga, hajavaa uso wa picha.

Peter akaniambia, "Sijakusamehe bado ile kengele. Nitakusamehe, lakini bado. Ila nataka ujue. Usingesema, na yule msimamizi wako asingesema, mimi ningeendelea kuja Jumapili. Zile wiki tatu mlinipa ninyi."

Baba, nililia pale makaburini mpaka watu wakageuka. Ruth alidhani ninamlilia Edith. Nilikuwa ninakulilia wewe.

Sasa nanyoosha maneno.

Unakumbuka Shafii alipompeleka Mama hospitali kubwa, wakampiga picha za tumbo. Daktari alimpa Shafii karatasi ya majibu na akamwambia warudi wiki inayofuata pamoja na wewe, ana mazungumzo nanyi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Shafii akaipiga picha akanitumia, na chini akaandika, "Dada, hebu tutafsirie."

Niliisoma nimesimama kwenye korido ya hapa kazini. Ilisema Mama ana saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Mtu aliyefanya kazi wodini kama mimi haulizi zaidi. Ilikuwa habari ya miezi, na michache.

Nikampigia Shafii. Nikamwambia ni vidonda vya tumbo vya muda mrefu, na ini limechoka kidogo. Nikamwambia hakuna haja ya kumsumbua Baba na safari, dawa za maumivu nitawaelekeza mimi. Shafii akashukuru, akasema, "Alhamdulillah, tulikuwa tumeogopa." Yule daktari alitaka kuwaambia, Baba. Mimi ndiye niliyewazuia msirudi kwake. Shafii hajui lolote mpaka leo. Alitafsiriwa uongo na dada yake akauleta nyumbani kama alivyopewa. Usimlaumu hata kidogo.

Unaweza kuuliza kwa nini. Nimejiuliza mimi kabla yako. Nilijiambia kwamba kwetu mgonjwa haambiwi, maana hata bibi hakuambiwa, na kwamba Mama akijua atakata tamaa. Nilijiambia nitakuja Desemba, tukae chini, niwaambie nikiwa nimewashika mikono. Vibali vyangu vikachelewa na Desemba ikapita. Hizo ni sababu, na zote ni za kweli, lakini iliyo chini ya zote ni kwamba niliogopa. Niliogopa kuwa mimi ndiye ninayelitamka, halafu nikate simu na kurudi kuogesha wazee wa watu.

Mama aliniuliza. Alisema, "Rehema, wewe umesoma haya mambo. Kuna kitu mnanificha?" Nikacheka. Nikamwambia, "Mama wewe, kula, acha mawazo." Akasema, "Haya. Basi nikipata nguvu nitashuka Soni kwa dada yangu. Tuna maneno yetu hatujayamaliza." Unajua walivyokuwa hawasemeshani tangu ile habari ya shamba la babu. Alikaa akizisubiri nguvu, kwa kuwa mimi nilimwambia zitakuja. Mama mkubwa alikuja kutoka Soni siku ya maziko.

Na wewe uliniuliza. Hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Ulinipigia Jumapili ile, ukasema, "Naona mama yako amepungua sana. Mahindi ya shamba letu la nyika yamekauka, hayajavunwa, nguruwe wanayamaliza. Niende au nikae?" Nilikuwa na kipande cha mkate mkononi, nakumbuka, muda wa mapumziko unakwisha. Nilijua jibu. Nilijua kabisa. Lakini nikisema kaa, utaniuliza kwa nini. Nikasema, "Nenda Baba. Mama hana tatizo kubwa, utamkuta."

Ukashuka nyika Jumatatu. Alhamisi asubuhi Mama akafariki. Bodaboda aliyetumwa alikukuta shambani, na ulipofika Lukozi walikuwa wameshamwosha na kumvisha sanda. Ulifunuliwa uso tu.

Baba mdogo aliniambia maneno uliyosema kaburini. "Niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe." Shafii aliniambia yale mahindi uliyagawa yote kwa majirani, hukukubali hata unga wake uingie ndani, na kwamba msimu huu shamba la nyika limelala, hukushuka kabisa. Anasema ukikaa na watu, mazungumzo yakielekea kwa Mama, unasema, "Nilimwacha kwa ajili ya mahindi," halafu unainuka unaondoka. Hata kumtembelea kaburini unakwenda wakati ambao wengine hawapo.

Na juzi hapa, siku chache baada ya mazishi ya Edith, ukaniuliza tena kwenye simu. "Rehema, ile karatasi ya daktari haikuwa na dalili yoyote? Hakuna aliyeweza kujua?" Nikasema, "Hakuna, Baba. Ilikuwa ghafla." Nilikuwa nimeshamjua Peter. Nilikuwa na ile picha ukutani. Na bado nikasema ghafla. Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu, nisijue utafanya nini. Huu wa pili niliusema huku naona unavyokutafuna ndani kwa ndani.

Hukumwacha Mama, Baba. Ulimuuliza mtu uliyemsomesha ili ajue mambo hayo, na mtu huyo akakutoa pembeni ya kitanda cha mkeo. Siku zake zilizobaki zilikuwa zenu wawili, mngezitumia mnavyotaka, hata kama ni kuzozana tu juu ya kuni zilizoloa. Nilizichukua bila kuwauliza. Peter ana wiki tatu. Wewe nilikunyima.

Siombi unisamehe kwa haraka. Nimejifunza kwa Peter kwamba mtu ana haki ya kusema bado. Kama utataka kunisemesha, nipigie, siku yoyote, nitapokea hata kama ni kazini. Kama hutataka, mwambie Shafii anitumie ujumbe kwamba barua imefika, inatosha. Vibali vyangu sasa vimekamilika, na ruhusa ya mwezi mzima nimepewa baada ya mvua za masika. Nitakuja. Ukiona ni vigumu kunipokea ndani, nitafikia kwa shangazi, na nitakuja uwanjani kwako kila asubuhi kukuamkia, upokee usipokee. Nitashuka Soni kwa mama mkubwa pia. Naye nina deni la kumweleza kwa nini mdogo wake hakufika.

Kama utaamua Shafii ajue, nakuomba umpe barua hii aisome yote, asisimuliwe. Ataumia, kwa sababu yeye ndiye aliyemlisha Mama dawa za vidonda vya tumbo kwa mkono wake.

Nisalimie shangazi Mwajuma, mwambie kitenge alichoagiza Mama Neema anacho kwenye mzigo. Nisalimie baba mdogo Hoza na mguu wake. Wifi yangu, mke wa Shafii, mwambie kwamba siku zote ninamkumbuka kwenye dua, kwa yote aliyomfanyia Mama wakati mimi niko mbali. Wajukuu wako wote wawili nawabusu. Na Bi. Asha, jirani yetu wa chini, aliyemwosha Mama, msalimie kwa heshima zangu zote.

Nilitaka kuifunga barua hapa, Baba. Nimeikunja na kuikunjua tena. Kuna jambo moja limebaki, na nisipolisema nitakuwa nimekuandikia kurasa zote hizi bure.

Wewe na watu wa nyumbani huwa mnaniuliza Mama alisema nini Jumatano ile, siku moja kabla hajafariki, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho kuzungumza naye kwa kirefu. Siku zote nimewajibu kwamba alikutaja kwa wema, kwamba alisema wewe ni mume mwema na ameridhika nawe. Najua maneno hayo umeyashika. Baba mdogo aliniambia huwa unayarudia. Niliyatunga mimi. Nilidhani nakupa kitu cha kushikilia.

Aliyoyasema ni haya. Alilalamika mgongo. Aliniuliza kama nimenunua koti zito. Kisha akauliza, "Baba yako anarudi lini?" Nikasema Jumamosi. Tukazungumza habari za mtoto mdogo wa Shafii, kwamba ameanza kusimama. Akakohoa, akanywa maji. Akauliza tena, "Umesema Jumamosi?" Nikasema, "Ndiyo Mama, Jumamosi." Akasema, "Basi nitamngoja."

Hayo ndiyo maneno yake, Baba. Sikuongeza wala kupunguza.

Mtoto wako,
Rehema